Magadi na Njia ya Kwenda Baharini

Katika soko la Kongowea, upande wa Kisauni, wapo wauza viungo ambao huweka kando ya bizari na pilipili manga vipande vya kitu cha kijivu, kigumu, mfano wa jiwe lililovunjwa kwa nyundo. Mgeni akikitazama hudhani ni chokaa au chumvi chafu. Mwenyeji hana haja ya kuuliza, ni magadi. Apikaye kunde au maharagwe makavu hutia kipande kidogo chunguni ili yaive upesi. Mboga za majani zilizo ngumu hulainika kwayo, na wavuta ugoro huyasaga pamoja na tumbaku. Kitu hiki kimo majumbani mwetu tangu zamani, na kwa kuwa bei yake ni ndogo, hapana ajisumbuaye kuuliza habari zake.

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha kidato cha pili, nilikwenda darasani na kipande cha magadi nikauliza kimetoka wapi. Wengi walijibu, "Baharini," maana sisi ni watu wa pwani, na kila chumvi kwetu ni ya bahari. Mmoja alisema, "Kiwandani." Kijana mmoja tu, ambaye baba yake alifanya kazi ya reli, alisema kuwa magadi hutoka bara nayo hupita Changamwe. Nikamsifu. Kisha yeye akaniuliza swali lake: ikiwa magadi hutoka huko kila siku, je, hayaishi? Kengele ikalia kabla sijamjibu, nami nakiri kwamba nilifurahi kuisikia, kwa sababu sikuwa na jibu la kutosha. Insha hii ni deni langu kwa kijana yule.

Lazima kwanza niseme kwamba si kila kipande kiuzwacho sokoni hutoka mahali pamoja. Maziwa ya magadi ni mengi katika Bonde la Ufa, Kenya na Tanzania. Lakini lililo kubwa kwa biashara ni lile lililopewa jina la bidhaa yenyewe, Ziwa Magadi, lililo kusini mwa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania. Jina lake ni neno lile lile tulitumialo jikoni, na jambo hilo si dogo. Husomwa katika vitabu vingi kwamba sehemu za bara "ziligunduliwa" na wasafiri wa Kizungu, ilhali watu wa misafara walikuwa wakizipita mwaka nenda mwaka rudi. Mnamo 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha maelezo marefu ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, kituo baada ya kituo. Aliyeyapeleka London ni Thomas Wakefield, mmisionari aliyekaa Ribe, nyuma ya Mombasa. Aliyeyasimulia ni Sadi bin Ahedi, mtu wa Udigo, mzaliwa wa karibu na Gazi, kusini ya Likoni. Mwingereza alishika kalamu, na Sadi alikuwa na miguu na kumbukumbu. Watu wa namna yake walizijua nchi za Wamasai, na walikijua Nguruman, chini ya ukuta wa magharibi wa Bonde, si mbali na Ziwa Magadi, ambako misafara ilipumzika na kununua chakula. Wamasai wenyewe, kabla ya hao wote, waliyatumia magadi kwa tumbaku na kwa mifugo.

Sasa tulitazame ziwa. Kulifikia kutoka Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na karibu yote ni kuteremka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Magadi iko mita 600 tu. Ardhi hushuka kwa vipandio kama ngazi iliyojengwa na majitu, kila kipandio ukuta wa mawe meusi, na kila ukuta ni alama ya mahali ambapo nchi ilipasuka na upande mmoja ukazama. Joto huongezeka kila uteremkapo, miti hupungua, hata mwisho hubaki miiba na vumbi. Ndipo huonekana chini kitu kinachong'aa, cheupe hapa, chekundu pale. Atazamaye kwa mara ya kwanza hudhani ni maji. Akikaribia huona kuwa sehemu kubwa ya ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 100 hivi, ni sakafu ngumu iwezayo kuchukua uzito wa mtu. Wekundu ule ni wa vijidudu wasioonekana kwa macho, wapendao maji yenye chumvi kali.

Chumvi hii imetoka wapi, ikiwa bahari iko mbali zaidi ya kilomita 400? Jibu limo katika yale mawe meusi ya vipandio. Mawe hayo yalitoka tumboni mwa nchi yakiwa moto na majimaji, yakaenea juu ya Bonde kwa tabaka nyingi katika muda wa malaki ya miaka, kisha yakapoa. Ndani yake mna sodiamu nyingi. Mvua inyeshayo juu ya kingo za Bonde hupenya katika nyufa, hushuka chini sana, hupata joto la ardhini, na kwa joto hilo huyeyusha sodiamu ya mawe. Hewa ya kaboni nayo hupanda kutoka chini na kuungana na maji hayo. Mwisho maji hutokea tena pembezoni mwa ziwa kama chemchemi za moto, na baadhi yake joto lake hupita nyuzi 80. Mtu aweza kuiva mkono humo. Hapana mto wa kudumu uingiao ziwani, wala hapana hata mmoja utokao. Mvua ni haba, na jua hukausha maji mara nyingi kuliko kipimo cha mvua inyeshayo. Basi maji huja na mzigo wake, hupanda mbinguni kama mvuke, na mzigo hubaki chini. Mzigo huo ndio jiwe liitwalo trona, muungano wa sodiamu, kaboni na maji kidogo yaliyofungwa ndani, nalo ndilo magadi yetu. Apendaye kuona kazi hii kwa macho yake na ayeyushe kipande cha magadi katika maji, ayachuje kwa kitambaa, ayamimine katika kisahani, akiweke dirishani pasipo mvua. Baada ya siku chache atakuwa na ziwa lake mwenyewe.

Ziwa halikuwa hivi sikuzote. Yapata miaka 10,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, palikuwa na maji ya kina, nayo hayakuwa makali kama ya leo. Ushahidi uko katika matope ya kale yaliyoachwa juu ya kingo, mna mifupa ya samaki wa jamii ya perege. Hali ya hewa ilipobadilika na mvua kupungua, maji yalinywea, ukali ukazidi, na trona ikaanza kulala tabaka juu ya tabaka mpaka ikafika unene wa makumi ya mita. Samaki wakafa, lakini si wote. Wajukuu wao, wadogo kama kidole, wamo hata leo katika vijito vya chemchemi, wakiishi katika maji ya nyuzi karibu 40 na ukali ambao ungemuua samaki mwingine yeyote mara moja. Katika viumbe wote wa nchi hii, wao ndio ninaowastaajabia kuliko simba.

Matope hayo ya kale yalikuwa na siri nyingine pia. Mnamo 1967 mtaalamu wa mawe aitwaye Hans Eugster, mwenyeji wa Uswisi aliyefundisha Marekani, alitangaza kuwa ameona katika Magadi madini mawili yasiyojulikana kabla yake. Moja ni jeupe na laini kama unga uliokandwa, akaliita magadiiti. La pili akaliita kenyaiti. Yote mawili yamefanywa kwa sodiamu na ile silika iliyomo katika mchanga na kioo. Eugster alieleza kuwa magadiiti ikioshwa na maji kwa muda mrefu hupoteza sodiamu yake, na kinachobaki huwa jiwe gumu la namna ya gumegume. Wataalamu walikuwa wameona mawe ya gumegume katika nchi nyingi, nao hawakuwa na uhakika namna mengine yalivyofanyika. Tangu hapo wakiona gumegume la aina fulani katika miamba ya kale ya Marekani, husema kuwa hapo palikuwa na ziwa mfano wa Magadi. Hivyo ziwa moja la Umasaini limekuwa ufunguo wa kusomea maziwa yaliyokauka zamani sana katika mabara mengine. Mwanafunzi wa Kenya aweza kumaliza shule bila kusikia kuwa nchi yake imo katika orodha ya madini ya dunia kwa jina lake. Nadhani hilo ni upungufu wetu sisi walimu.

Kabla sijasimulia jinsi trona ilivyopata njia ya bahari, yafaa tumtazame ndugu yake wa mbali. Katika jimbo la California, Marekani, liko bonde liitwalo Death Valley, yaani Bonde la Mauti, ambalo mahali pake pa chini kabisa ni mita 86 chini ya usawa wa bahari. Nalo halina mto utokao, lina jua lisilo na huruma, na zamani lilikuwa na chemchemi za moto zilizotoka katika nchi ya milima ya moto. Lakini huko maji yalibeba pia boroni, na jua lilipoyakausha yakaacha madini ya boraksi, yatumiwayo kwa kusafishia, kwa kutengenezea kioo kisichopasuka kwa moto, na kwa kuunganishia metali. Mnamo 1883 kiwanda cha Harmony kilianza kazi kwenye sakafu ya bonde lile. Vibarua, wengi wao Wachina, walikusanya vidonge vyeupe vya madini kama wakusanyao pamba shambani. Shida haikuwa kuipata boraksi. Shida ilikuwa kuitoa. Kituo cha reli kilikuwa Mojave, mbali kiasi cha kilomita 265, na magari makubwa ya mbao yalikokotwa na misururu ya wanyama 20, wengi wao nyumbu, kwa siku kumi hivi, wakichukua na tangi la maji ya kunywa. Mwaka 1888 mwenye kiwanda, William Coleman, alifilisika na kazi ikasimama. Jiwe moja la boroni lililopatikana katika nchi zile lilipewa jina lake, kolemanaiti. Hiyo ndiyo iliyobaki. Baadaye wengine walijenga reli ndogo kwenda machimbo ya pembeni mwa bonde mnamo 1914, lakini mnamo 1927 uchimbaji ulihamia mahali pengine penye boraksi, karibu na reli kuu, na mwaka 1931 reli ile ndogo ikafungwa. Madini yalikuwa bado yamo ardhini. Umbali ndio ulioyashinda.

Sasa twaweza kuielewa Magadi. Mwaka 1911 Kampuni ya Magadi Soda iliundwa London, na nyuma yake walikuwa akina Samuel, wafanyabiashara waliokuwa wakijulikana kwa mafuta ya Shell. Waliona kuwa mbele yao mna soda isiyo na mwisho, iliyo tayari juu ya uso wa nchi, ambayo huhitaji kuchimbwa na kuchomwa tu. Maana trona ikichomwa katika tanuri hutoa maji na hewa ya kaboni, na kinachobaki ni unga mweupe utumiwao na viwanda vya kioo, vya sabuni na vya nguo. Lakini kwa umbali, walikuwa na shida ya Coleman mara mbili. Reli ilijengwa kutoka Konza, katika reli kuu ya Mombasa na Nairobi, kupitia Kajiado hadi ziwani, urefu wa maili 91, yaani kilomita 146. Ilikamilika mwaka 1915. Kila behewa lililojaa lilipaswa kwanza kupanda zaidi ya mita 1,000 kutoka shimoni mwa Bonde, kisha kuteremka mpaka pwani. Kwa jumla zaidi ya kilomita 600 kwa njia ya chuma. Maji matamu ya watu na ya mitambo yalilazimika kuletwa kwa mabomba kutoka mbali, kwa kuwa ziwani mna maji mengi wala hapana la kunywa. Kuni na mafuta ya tanuri vilitoka mbali pia.

Wakati ulikuwa mbaya. Vita Kuu ilikuwa imeanza mwaka 1914, na mpaka wa koloni ya Wajerumani ulikuwa hatua chache kusini. Meli zilikuwa haba na bei za kila kitu zimepanda. Bandari ya Kilindini yenyewe haikuwa kama tuijuavyo. Kabla ya kujengwa gati za kina kirefu katika miaka ya 1920, mizigo ilipelekwa melini kwa matishari. Kampuni ikazama katika madeni, na mnamo 1924 mali yake ikachukuliwa na Brunner Mond ya Uingereza.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Brunner Mond, iliyoanzishwa mwaka 1873, ilipata utajiri wake kwa kutengeneza soda kiwandani, kutoka chumvi ya kawaida na mawe ya chokaa, kwa ufundi uliobuniwa na Ernest Solvay wa Ubelgiji. Soda ile ya kutengenezwa ndiyo iliyokuwa mshindani wa soda ya asili. Basi mshindani akamnunua mwenziwe aliyeanguka, na kwa kuwa njia ya reli na mabomba vilikuwa vimekwisha kulipiwa na hasara ya wengine, kazi ikaendelea. Mwaka 1926 Brunner Mond iliungana na kampuni nyingine kuwa ICI, na katikati ya miaka ya 2000 Magadi ikaingia mikononi mwa Tata wa Bara Hindi. Wenyewe wamebadilika, ziwa, reli na njia ya kwenda Kilindini ni vile vile.

Mimi nilizaliwa Changamwe, na mabehewa ya magadi ni katika mambo ya kwanza niyakumbukayo. Yalipopita kwa mwendo wa kinyonga kuelekea Makupa, unga mweupe ulikuwa umedondoka juu ya mataruma, nasi watoto tuliokota na kuutia maji viganjani. Uliteleza kama sabuni. Aliyejifuta macho kwa mkono ule alilia, na wakubwa walitukemea, wala hawakutueleza ni kitu gani. Kwetu reli ilikuwa kitu kinacholeta vitu kutoka mahali pasipo na jina.

Mahali hapo palikuwa na jina, tena palikuwa na wenyewe. Mwaka 1904 viongozi wa Wamasai walitiwa katika mkataba wa kuyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa na kugawanywa katika hifadhi mbili, ya Laikipia na ya kusini. Mwaka 1911, mwaka ule ule wa kuundwa kwa kampuni, mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia na kuwasukuma wote kusini. Baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi ilitupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kama mikataba ya mataifa mawili, ambayo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuiamua. Ajabu ya hoja hii ni kwamba iliwahesabu Wamasai kuwa taifa siku ile tu walipodai haki. Katika nchi ya kusini waliyoambiwa ni yao, soda ilikuwa ya kampuni na reli ilikuwa ya kampuni. Wafugaji walibaki na nyasi.

Sitaki kumdhulumu mtu katika kusimulia. Mji wa Magadi ulikua mahali pasipokuwa na mji. Kampuni ilijenga shule na hospitali ambazo wenyeji nao wamezitumia, na mabomba yake yamenywesha watu na ng'ombe katika nchi kavu. Hata hivyo kisima cha mwenye kampuni si sawa na kisima chako. Mabishano baina ya kampuni na serikali ya kaunti ya Kajiado juu ya kodi ya ardhi yamefika mahakamani katika miaka yetu hii, zaidi ya karne moja baada ya mkataba wa kwanza.

Turudi kwa kijana wa reli na swali lake. Je, magadi hayaishi? Kwa miaka mingi imesemwa kuwa chemchemi huleta trona mpya kuliko ile ichimbwayo, nayo kampuni huchimba malaki ya tani kwa mwaka. Chombo kama meli huelea katika dimbwi lililochimbwa, hukata sakafu ya trona, na kuisukuma katika mabomba mpaka kiwandani. Nyuma yake shimo hujaa maji makali, na maji hayo huanza tena kuganda. Kwa maana hiyo machimbo haya ni ya namna yake, na kijana aweza kuambiwa kuwa ziwa hujijaza. Lakini jibu hilo si kamili. Trona mpya huchukua miaka kukomaa, wala si safi kama ile iliyolala karne nyingi. Tena mafuriko huleta udongo kutoka milimani, ambako miti imekatwa na malisho yamechoka, na udongo ule huingia ziwani na kuchanganyika na soda. Ziwa lililojijaza kwa miaka elfu nyingi laweza kuchafuliwa na shoka na kwato katika maisha ya watu wawili watatu.

Pia kuna jambo lihusulo vyungu vyetu. Maji yale ya moto huyeyusha floridi pamoja na sodiamu, na magadi ya maziwa haya yaweza kuwa na floridi nyingi. Kaskazini mwa Tanzania, ambako watu hupikia magadi mara kwa mara na maji ya kunywa nayo yana floridi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki. Mpishi wa Kisauni atiaye kipande kidogo siku moja moja hana sababu ya kutishika. Walakini nyumba yenye watoto wadogo yafanya vema kuloweka maharagwe tangu usiku badala yake.

Swali la kijana lina upande mwingine, na upande huo uko Likoni. Kusini yetu, katika kaunti ya Kwale, upepo na maji ya zamani vililundika vilima vya mchanga mwekundu, na ndani ya mchanga huo mna chembe nzito nyeusi za madini ya titani, na zirkoni. Kampuni ya Kanada iliyatafiti tangu miaka ya 1990. Kampuni ya Australia, Base, ikayanunua mwaka 2010, ikaanza kuchimba mwishoni mwa 2013. Hapa umbali haukuwa adui. Malori yalichukua mzigo kilomita 50 tu hivi mpaka Likoni, ambako kampuni ilijenga ghala na gati yake, na Februari 2014 meli ya kwanza iling'oa nanga. Wazee wa Kampuni ya Magadi Soda wangelia kwa wivu. Lakini chembe zile haziletwi upya na chemchemi yoyote. Mwezi Desemba 2024 uchimbaji ulikoma, kwa kuwa mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha. Miaka kumi na mmoja, na machimbo yakawa habari ya kale.

Kwa hiyo katika bara letu moja la Mombasa mmepita mali za namna mbili: kwa Changamwe ile inayojirudisha, kwa Likoni ile iliyokwisha. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema kwamba katika mrabaha ulipwao na mchimbaji, sehemu 70 katika 100 ni za serikali ya taifa, 20 ni za kaunti, na 10 ni za watu wa mahali palipochimbwa. Sheria hiyo ilipopita, machimbo ya Kwale yalikuwa na umri wa miaka miwili na kitu, na ya Magadi yamepita karne. Fedha zenyewe hazikufuata upesi kama maandishi. Ilipita miaka mingi wenyeji wakiulizia zile 10 zao, na huko Kwale malori yalikuwa yakipita mbele yao kila siku kuelekea Likoni.